Ndege Aliyeitwa Jumbe

Kazi niliyoifanya miaka mingi kuliko nyingine zote ilikuwa kuuliza. Msicheke. Wenzangu waliajiriwa kupima mashamba au kupiga taipu. Mimi niliajiriwa kuzunguka pwani nikiwauliza watu habari za ndege wa baharini: wanaitwaje, wanakula nini, wanalala wapi, wanaingia mwezi gani na wanaondoka lini. Nilipomaliza kumweleza mtu, mara nyingi alinitazama kwa huruma kidogo, kisha akasema, "Sawa, nimekusikia. Sasa kazi yako hasa ni ipi?"

Nyinyi vijana mnaopita hapa Bagamoyo na darubini zenu shingoni mmekuwa mkinikuta barazani na kuniuliza, "Mzee, ndege wa baharini tutawajuaje?" Mnataka jibu la kusimama nalo mlangoni. Mimi jibu la namna hiyo niliwahi kulitaka, nikalipata, likataka kunifukuzisha kazi, na siku iliyofuata likataka kunizamisha. Kwa hiyo leo kaeni.

Aliyenituma alikuwa Mwalimu Hamdani, mtu wa Unguja, mpole, mwenye sauti ya puani. Alisimamia ofisi ndogo Dar es Salaam iliyokuwa ikitayarisha vitabu vya kusoma shuleni. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Siku aliyoniajiri aliniambia, "Omari, mtoto wa Saadani anasoma habari za ndege wa kwenye theluji, na shakwe anampitia juu ya paa la darasa. Nenda kanitafutie hawa wa kwetu." Akanipa daftari, penseli tatu, darubini iliyokuwa na ukungu jicho la kushoto, na sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na ngozi za ndege zilizojazwa pamba, zimelazwa chali kama maiti, kila moja na kikaratasi mguuni.

Siku ya kwanza nilishuka nalo pale wanaposhushia samaki, hapa hapa mjini. Nikalifungua mbele ya wavuvi, nikamnyanyua buabua mmoja, yule mweupe anayejitupa majini kuvua.

"Huyu anaitwaje?"

Mzee mmoja akamgeuza, akampuliza manyoya, akamtazama yale macho ya pamba. "Huyu amekufa," akasema.

"Najua amekufa. Anaitwaje?"

"Marehemu."

Walicheka mpaka wateja wakaja kuuliza kuna nini. Nikafunga sanduku. Lakini fikirini: mzee yule hakuwa anadhihaki tu. Mtu wa baharini hamjui ndege kwa manyoya yake yakiwa mkononi. Anamjua kwa anavyopiga mbawa, kwa anavyolia, kwa umbali anaoshika kutoka majini, na kwa anachokifanya wakati huo. Ukimlaza chali umemwondolea vyote. Tangu siku ile sanduku lilikaa chini ya kitanda changu, nondo wakala buabua wawili, na nikaandikiwa barua ya onyo.

Penseli, wanangu, si wino. Wino ukiguswa na maji ya chumvi unakuwa wingu. Na andika pale pale, usingoje ufike nyumbani, maana ndege uliyemwona asubuhi ukimwandika jioni huwa amekwisha kuota rangi ambayo hakuwa nayo. Mkiwa chomboni msing'ang'anie darubini kwa muda mrefu. Tazameni kidogo, kisha tueni macho kwenye upeo wa bahari, la sivyo mtatapika. Mimi nilitapika sana.

Mtu aliyenifundisha kuliko wote alikuwa Bi Zena wa Saadani, aliyekuwa akianika samaki. Nilimkuta kashika ufito anafukuza shakwe kwenye vichanja. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, shika huo ufito mwingine." Tulifukuza kwanza, mazungumzo yakaja baadaye. Nilikuwa nimeandika daftarini buabua wa aina mbili, mmoja mwenye utosi mweusi na mmoja mwenye upara mweupe kwenye paji. Nikamwonyesha kwa kidole wale waliokuwa wamepumzika mchangani. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba bibi yake ni wawili, mmoja mwenye mtandio na mmoja asiye nao.

"Huyo ni mmoja," akasema. "Miezi mingine amevaa kofia, miezi mingine kaivua. Na yule anayepiga kelele nyuma ya mwenzake ni mtoto wake. Tazama, mkubwa mzima, anaruka vizuri, na bado anaomba kulishwa."

Nikamuuliza na shakwe wale weusi weusi aliokuwa akiwafukuza, jina lao la Saadani ni lipi.

"Mwanangu, usiniulize jina lake. Niulize ameniibia nini."

Nikauliza. Alizungumza mpaka adhuhuri. Niliandika kurasa saba: shakwe anapenda samaki gani, anakuja upepo ukiwa wapi, anamwogopa nani, anajificha wapi mvua ikinyesha, na jinsi wanavyomtuma mmoja mbele kupeleleza. Yote hayo nisingeyapata kwa kuuliza jina.

Lakini Bi Zena nilimjua baadaye. Laiti ningemjua kabla ya habari ninayotaka kuwasimulia.

Kulikuwa na kijiji kimoja, sitakitaja kwa sababu wajukuu wa wahusika wanakaa huko mpaka leo. Ukishuka kutoka Mkange mpaka nchi iishe, uko jirani. Nilifika na baiskeli, nimevaa kaptula na soksi ndefu, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyejiona mtu wa serikali. Siku mbili kabla, nikiwa ufukweni, nilikuwa nimemwona ndege nisiyewahi kumwona. Mkubwa, mweusi, mbawa ndefu zilizopinda katikati, mkia umegawanyika kama mkasi. Hakutua majini hata mara moja. Alikuwa akimkimbiza buabua mwenye samaki, anamzungusha na kumsumbua mpaka buabua anamwachia samaki, naye anamdaka kabla hajagusa maji. Nilisimama pale nikasahau kula.

Basi nikawakuta wanaume wanashona nyavu. Nikawaeleza yule ndege, nikauliza jina lake.

"Huyo hatumjui," wakasema.

"Haiwezekani. Nyinyi ni watu wa bahari."

"Tumemwona. Jina hatuna."

Nikauliza tena, nikiwa nimefungua daftari, penseli juu. Nikauliza mara ya tatu. Mmoja wao, Shomari, mtu mwembamba mwenye umri wa kunizidi miaka kumi hivi, akajikuna kidevu. "Ee! Huyo mwenye mkia wa mkasi? Kumbe ndiye unayemtaka? Huyo anaitwa jumbe."

Nikaandika: Jumbe. "Kwa nini anaitwa hivyo?"

"Ana heshima zake," akasema Shomari.

Wenzake wote waliinamia nyavu. Mabega yaliwatikisika. Nikadhani wana kikohozi.

Sasa, Mwalimu Hamdani alikuwa na desturi nzuri sana, na uzuri huo ndio ulioniponza. Kabla orodha haijapelekwa kwa mpiga chapa, ilitakiwa irudishwe kijijini ikasomwe kwa sauti mbele ya wazee, wasahihishe. Baada ya wiki kadhaa nikarudi. Jumbe wa kijiji, yaani mkuu wake mbele ya serikali, Jumbe Mwinyikondo, akanipokea kwa kahawa, akawakusanya watu barazani kwake, wavuvi nao wakiwemo. Alikuwa mtu mzito, mwenye asili ya mashambani, amevaa kanzu, koti na kilemba cheupe kilichofungwa kwa ustadi. Ngalawa yoyote ikitua, fungu lake lilitengwa kabla mwenyewe hajapeleka samaki nyumbani. Mimi hilo sikulijua.

Nikasoma. "Shakwe." Wazee wakaitikia, ndiyo. "Mnandi." Ndiyo. "Yangeyange." Ndiyo. Nikapandisha sauti kidogo, maana hapa palikuwa na maelezo niliyojivunia. "Jumbe. Ni ndege mkubwa, mweusi. Havui mwenyewe. Huishi kwa kunyang'anya walichovua wengine."

Hakuna aliyeitikia. Mahali fulani nyuma mtu aliangua kicheko, akakimeza.

"Rudia," akasema Jumbe Mwinyikondo.

Nikarudia, kwa sauti ndogo kuliko ya kahawa ikimiminwa. Nilipofika kwenye neno "kunyang'anya" ndipo nilipoelewa.

"Nani aliyekupa jina hilo?"

Sikumtaja mtu. Si ushujaa, nilikuwa nageuza kurasa za daftari kana kwamba jibu liko humo.

"Umekunywa kahawa yangu," akasema taratibu, "umekaa kwenye mkeka wangu, umenitukana mbele ya watu wangu, na umeandika ili watoto wa shule wasome. Kesho nakwenda Bagamoyo kwa bwana shauri. Tutaona kama kazi hiyo utaendelea nayo."

Nyumbani nilikuwa na mama na wadogo zangu wanne, baba alikuwa hayupo. Bwana shauri, yule mkuu wa wilaya, angeweza kunifukuza kazi kwa barua moja. Niliwaona wote pale kwenye mkeka. Ndipo Shomari alipoinuka.

"Ni mimi, jumbe. Karani hana kosa, yeye ni mjinga tu."

Sijawahi kutetewa vile tangu siku hiyo.

"Lakini ndege yupo," Shomari akaongeza. "Hilo ni kweli."

"Yupo? Ndege anayeishi kwa kunyang'anya?"

"Yupo."

Jumbe akatutazama mmoja mmoja. "Basi kesho hatuendi Bagamoyo. Mtanipeleka baharini nikamwone. Asipokuwepo, nyote wawili mtanifuata kwa bwana shauri."

Hakusema itakuwaje akiwepo.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, watu watatu kwenye ngalawa ya Shomari. Ilikuwa miezi ile ambayo upepo wa kusi umechoka na wa kaskazi haujaanza. Jumbe alikaa katikati, kanzu ameikunja magotini, kilemba kichwani, mikono miwili imeshika mbao kama anayezuia ngalawa isimkimbie. Ilikuwa wazi kwamba hakuizoea bahari. Buabua walikuwa wengi, wanaelea hewani, wanajitupa majini, wanatoka. Mimi niliona nitumie nafasi hiyo kueleza, yeye akazidi kuzibana mbao. Kisha, bila kunitazama, akauliza:

"Yule mbona amesimama hewani?"

"Anapima," akasema Shomari kutoka nyuma, kwenye kasia. "Samaki akiwa chini sana hajisumbui. Tazama, atamwacha."

Buabua akamwacha, akapiga mbawa mbele kidogo, akasimama tena.

"Kamwacha kweli," akasema jumbe. Baada ya hapo maswali hayakukoma. Kwa nini wote wametazama upande mmoja? Wakinywa maji haya ya chumvi hawadhuriki? Mayai wanayatagia wapi? Mengine tulijua, mengi hatukujua. Nilimpa darubini, akaishika kinyume, akasema ndege wamekwenda mbali ghafla. Shomari alitazama pembeni kwa muda mrefu.

Jua lilikuwa limepanda vizuri alipotokea. Shomari ndiye aliyemwona, akanyoosha kidevu tu. Yule mweusi alikuwa juu sana, mbawa hazitikisiki. Akateremka kama kitu kilichoachiliwa. Buabua mmoja aliyekuwa na samaki akapiga kelele, akakata kulia, akakata kushoto, akashuka mpaka karibu na maji; yule nyuma yake hakumkosa hata kwa kona moja, mkia wa mkasi ukifunguka na kufungika. Samaki akaanguka. Mweusi akajipindua, akamdaka.

Jumbe alikuwa amesimama. Ngalawa ikayumba, Shomari akapiga kelele, "Kaa jumbe, kaa!" Akakaa, lakini macho hakuyashusha.

Akafanya hivyo mara tatu, yule ndege, kwa buabua watatu.

"Mbona hashuki majini avue mwenyewe?" jumbe akauliza.

"Hawezi," Shomari akasema. "Manyoya yake yanalowa kama kitambaa. Akiingia hatoki. Marehemu baba aliwahi kumwokota mmoja, kalowa, amekufa."

"Kwa hiyo asipowanyang'anya hawa, hali?"

"Huwa anawadaka na samaki wanaoruka wenyewe. Lakini siku nyingi, ee, hali."

Tukamtazama akipaa tena. Kisha jumbe akasema, "Na huyu ndiye mimi."

Shomari aliacha kupiga kasia. "Jumbe, nisamehe. Ukweli ni kwamba hatuna jina lake. Mwaka huu anaonekana, mwaka ujao haji. Huyu karani aliuliza mara tatu. Nikaona haondoki mpaka apewe kitu."

Maneno hayo yameniuma kuliko tishio la bwana shauri, na ndiyo sababu nawapa nyinyi. Ukimlazimisha mtu akujibu, atakujibu.

Hatukupata nafasi ya kuyamaliza. Mvua ilitujia kutoka upande wa bahari kuu, ukuta mweupe, na ilipotufunika, upepo ulikufa na nchi ikatoweka. Ilinyesha muda ambao sikuweza kuupima. Iliposhika kupungua palikuwa na ukungu kila upande, hakuna jua, tanga limelala. Shomari akatia mkono majini, akasikiliza mawimbi yanavyogonga ubavu. "Nchi iko huku," akasema, akionyesha.

Wakati huo huo kundi la buabua likatupita, limejipanga, linakwenda upande mwingine kabisa. Nami, wanangu, nikafungua mdomo. "Wale wanarudi nchi kavu kupumzika. Nimeandika daftarini. Tuwafuate."

"Si lazima waende nchi kavu," akasema Shomari.

Jumbe akamkatiza. "Wewe umekwisha kudanganya mara moja. Leo tunamsikiliza karani."

Shomari akanitazama. Alikuwa ananingoja. Ingetosha anione nikitikisa kichwa, aelekeze ngalawa kule alikoonyesha. Mimi nilijua kwamba sina hakika. Niliyoyaandika niliyaona nikiwa ufukweni, na mtu aliye ufukweni huwaona wale tu wanaokuja ufukweni. Lakini baada ya aibu ya jana, mtu alikuwa ameniamini. Nikanyamaza. Shomari akageuza kasia, tukawafuata buabua.

Tulipiga makasia mpaka viganja vikachubuka. Tukawasikia kabla ya kuwaona, maelfu ya sauti. Halafu ukungu ukafunguka kidogo, tukaona fungu la mchanga, jeupe kwa buabua, na pande zote maji. Hapakuwa na mti wala nchi. Wimbi likatusukuma juu ya mchanga kwa nguvu, tukasikia kitu kikipasuka: kamba zilizofunga mti wa ndubi, lile bao la ubavuni linalozuia ngalawa isipinduke, zilikuwa zimekatika.

Shomari akashuka, akakagua. Hakunilaumu. "Hapa buabua hupumzika maji yakipwa," akasema. "Yakijaa, fungu hili halipo."

"Na maji sasa?" jumbe akauliza.

"Yanajaa."

Jumbe akaitikia kwa kichwa. "Mimi sijui kuogelea," akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema yeye hanywi chai yenye sukari.

Kamba za akiba zilikuwa mbovu, zikakatika mikononi. Shomari akavua shati lake, akaanza kulichana, halikutosha. Nikatoa soksi zangu ndefu. Ndipo jumbe alipoinua mikono kichwani, akafungua kilemba. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani. Kilitoka kama hakina mwisho. Kichwa chake kilikuwa na upara. Kilemba akampa Shomari, wakakisokota pamoja, mmoja kila ncha, huku mimi nikiushikilia mti kwa kifua. Maji yalikuwa kwenye vifundo. Baadaye yakafika magotini. Buabua walianza kuinuka, kumi kumi, kisha mia mia.

Ni hapo alipopita. Nilikuwa nimeinama, nikamwona chini ya kwapa langu. Ndege mdogo, si mkubwa kuliko mbayuwayu, mweusi wote ila mshipi mweupe kiunoni. Alikuwa hata hapai wala haogelei. Miguu imening'inia, vidole vinagusa maji, anatembea juu ya bahari. Hatua, hatua, anainama kudokoa kitu, hatua tena.

"Yule nani?" jumbe akauliza.

"Simjui," akasema Shomari.

"Na wewe karani?"

"Simjui." Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolisema tangu nifike kijijini kwao.

Tulisimama watu watatu, maji magotini, kilemba kimefungwa nusu, tunamtazama ndege anatembea. Nadhani tulisahau kwamba tunaweza kufa. Alipoingia kwenye ukungu, Shomari akashtuka, akavuta fundo.

Ngalawa ilielea, na kilemba kikashika. Lakini tuelekee wapi? Shomari akatia tena mkono majini, akatikisa kichwa. Mkondo juu ya fungu ulikuwa umevuruga mawimbi. Wakanigeukia.

"Sijui," nikasema. "Nimewapotosha. Sikuwa na hakika tangu mwanzo."

Nilitegemea kutukanwa. Jumbe akauliza tu, kwa udadisi wa mtu aliyekuwa akiuliza tangu asubuhi, "Hivi ni ndege gani hawezi kulala baharini?"

Tukafikiri. Shakwe analala popote. Buabua tumeona. "Yangeyange," akasema Shomari polepole. "Yeye hulala mitini."

"Kwenye mikoko ya mto Wami," jumbe akasema. "Jioni hupita juu ya mihogo yangu." Na yeye ndiye aliyewaona, maana mimi macho yangu yalikuwa yamejaa chumvi: yangeyange wanne, weupe, wenye miguu mirefu, waliokuwa wakivua kwenye ncha ya mwisho ya fungu. Maji yalipowafika tumboni waliinuka, wakakunja shingo, wakaenda chini chini juu ya maji, mstari mmoja, bila kugeuka.

Tuliwafuata. Walitupotea, lakini wakapita wengine, na wengine. Alasiri ilipokuwa inaisha tukanusa matope kabla ya kuiona mikoko, na ukungu ulipoondoka nchi ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote. Tulitua kijijini magharibi haijaadhiniwa. Watu wamejaa pwani. Wakamwona jumbe wao anashuka kichwa wazi, kilemba kimefungwa kwenye mti wa ngalawa, na hakuna aliyecheka.

Usiku ule nililala kwake. Asubuhi aliniambia, "Lile jina lifute. Si kwa ajili yangu. Shomari mwenyewe amesema ndege hana jina, basi hana." Kwa bwana shauri hakwenda. Shomari alikifua kile kilemba, alama za kamba hazikutoka, na jumbe akakivaa hivyo hivyo. Fungu lake la samaki aliendelea kulichukua, sitawadanganya. Ila tangu siku ile, Shomari aliniambia, alishuka pwani mwenyewe kulichukua, na akifika alikaa, akitazama juu.

Nilirudi ofisini nikamsimulia Mwalimu Hamdani kila kitu, pamoja na pale niliponyamaza. Alisikiliza, akasema niende nikaanze upya vijiji vyote. Ilinichukua zaidi ya mwaka. Ndipo nilipokutana na Bi Zena. Yule mdogo anayetembea juu ya maji nilimuulizia kila mahali, kaskazini na kusini. Wengi hawakuwahi kumwona. Waliomwona waliinua mabega. Wawili watatu waliniona nina hamu sana wakanipa majina, na mimi kwa sababu hiyo hiyo sikuyaandika.

Kitabu kilipokuwa tayari, mpiga chapa akaturudishia ukurasa mmoja, wa yule mdogo. Palikuwa na picha na maelezo, jina hakuna. "Wekeni chochote," akasema, "ukurasa hauwezi kwenda bila kichwa cha habari." Mwalimu akanitazama. Nikasema mimi siweki. Tukabishana nusu ya mchana. Mwishowe kikachapwa hivi: *Ndege huyu anaonekana mbali baharini. Jina lake kwa Kiswahili hatujalipata.* Kuna mkaguzi aliyesema ni aibu, kitabu cha shule kukiri kutojua. Mwalimu akamwambia kitabu kina kurasa nyingine nyingi za kujua.

Nilipeleka nakala moja kule kijijini. Ilipita miezi mingi. Siku moja mezani kwangu nikakuta barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mkono mzito, wino umetapakaa kwa maji ya chumvi. Salamu zilichukua nusu ya karatasi, kama ilivyo ada. Kisha:

"Nakuarifu kwamba jana, mwezi umeandama siku ya nne, upepo mdogo wa kusini, tulikuwa mbali na nchi, mimi na Shomari. Tulimwona yule mdogo. Si mmoja, watano. Wanatembea. Kila mmoja akigusa maji hupanua vidole, na katikati ya vidole mna rangi ya manjano. Hilo nadhani hukuliona. Tulikaa nao mpaka wakaondoka. Jina bado."